Mpaka Mavuno: Hesabu ya Miezi katika Bonde la Kilombero

Katika hesabu zote ambazo mwanadamu huzifanya bila ya kushika kalamu, hakuna iliyo nyepesi kwa sura na nzito kwa dhati kuliko ile ya kuongeza miezi juu ya siku ya leo ili kuipata siku iliyo mbali. Kwani anayesema "baada ya miezi minne" hudhani kuwa ametaja kipimo, kama mtu anayetaja pishi nne za mchele, na kumbe ametaja ahadi tu, ambayo urefu wake hutegemea ni mwezi upi alio nao moyoni, ule uandamao mbinguni, au ule uliopigwa chapa katika kalenda, au ule ulioandikwa katika daftari la mwajiri. Miezi minne ya mwandamo ni siku 118 hivi; miezi minne ya kalenda huweza kushuka hata siku 120 ikiwa Februari fupi imo ndani yake, na yaweza kufika 123; na miezi minne ya kipande, ambayo habari zake zitakuja mahali pake, hukaribia siku 140. Baina ya ndogo na kubwa pana wiki tatu na ushei, na wiki tatu kwa mtu mwenye deni, au mwenye mimba, au mwenye mpunga unaongoja kukatwa, si jambo dogo.

Bonde la Kilombero limekaliwa na namna zote hizi za mwezi, moja baada ya nyingine na aghalabu zote kwa pamoja, na kwa sababu hiyo ni mahali pazuri pa kutazamia jinsi watu walivyojifunza, na jinsi walivyokataa kujifunza, kuzihesabu siku zijazo. Limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, na mto wake, ambao ramani nyingine huuita Ulanga, hushuka kwa mikono mingi iliyoachana na kukutana tena, mpaka unapochanganyika na Luwegu na kupata jina la Rufiji. Hapo Ifakara uwanda wa mafuriko hubanwa ukawa mwembamba kuliko kwingine, na kwa hiyo ndipo palipokuwa na kivuko tangu zamani, na penye kivuko hapakosi soko, na penye soko hapakosi watu wa kuahidiana.

Wenyeji wa bonde hili, Wandamba wa mtoni na Wapogoro wa milimani, na baada yao Wambunga waliofika kwa nguvu za silaha katika karne ya 19, pamoja na Wabena walioshuka wakaitwa wa mitoni, walikuwa na saa moja kubwa isiyotiwa ufunguo, nayo ni maji. Mvua zikianza Novemba au Desemba mto huanza kuvimba. Kati ya Machi na Mei uwanda wote huwa kama bahari, na Aprili ndipo maji yanapofika upeo wake. Juni hushuka, na mpunga ukageuka rangi, na wavuvi wakaingia katika mabwawa yaliyoachwa nyuma na mto, wakitafuta kambale na perege, nao sheshe wakarudi kula majani mapya ya ukingoni. Mtu aliyetaka kumpa mwenziwe miadi hakuwa na haja ya idadi: alisema maji yakishuka, au mpunga ukitoa masuke, au wakati wa kuamia ndege, ambapo familia nzima ilihamia shambani ikakaa katika dungu miezi kadhaa, na nyumba ya kijijini ikabaki imefungwa. Mwezi wa mbinguni ulikuwapo na ulitazamwa, lakini kazi yake ilikuwa ya karibu, kupima siku za mgonjwa, na safari, na mimba. Ulipotakiwa kupima mwaka haukufaa, kwa kuwa miandamo kumi na miwili hupungukiwa na siku kama kumi na moja kuufikia mzunguko wa jua, na mkulima aliyepanda kwa kuuamini peke yake angejikuta baada ya miaka michache anapanda katika vumbi.

Watu wa pwani waliokuja bondeni kutafuta pembe, na kwa wakati wao wakaweka maduka na misikiti, walifika na hesabu iliyokwisha fikiriwa kwa kina. Wao walikuwa na miaka miwili, si mmoja. Mwaka wa jua ulianza kwa Nairuzi, ukagawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa huo walijua siku za kupanda na siku za kutweka tanga. Na mwaka wa mwandamo ulikuwa wa ibada, na wa nikahi, na wa madeni. Tena majina ya miezi yao ya mwandamo yenyewe ni hesabu ya kujumlisha, kwani baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa, ndipo zije Rajabu na Shaabani. Hivyo kwamba mtu wa pwani, alipotaja mwezi tu, alikuwa tayari amekwambia imepita miezi mingapi tangu watu walipofungua. Sijui kalenda nyingine ambayo mtoto mdogo aweza kuijumlisha kwa wepesi kama hii.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, walikuwa wameuliza zamani swali lile lile ambalo makarani wa serikali walikuja kuliuliza baadaye: mtu akiahidi kulipa baada ya miezi kadhaa, na ahadi imefungwa katikati ya mwezi, siku ya malipo ni ipi? Jawabu limo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu kilichosomeshwa sana katika darasa za pwani. Mwezi ukitajwa bila ya sifa, huchukuliwa kuwa ni wa mwandamo. Wakipatana kuhesabu kwa miezi ya Kiajemi au ya Kirumi, ni halali. Na ahadi ikianza katikati ya mwezi, basi miezi inayofuata huhesabiwa kwa miandamo yake kama itakavyotokea, iwe ya siku 29 au ya siku 30, na ule wa kwanza uliokatika hutimizwa siku 30 kwa kuazima kutoka mwisho. Kwa kanuni hiyo hiyo mjane aliyefiwa na mumewe katikati ya mwezi huhesabu edda yake ya miezi minne na siku kumi. Sura ya Al-Baqara ndiyo asili ya yote haya, kwa kuwa humo mna habari ya miandamo kuwa alama za nyakati kwa watu, na humo mna edda ya mjane, na humo mna amri ya kuliandika deni la muhula maalumu.

Muhula maalumu: hapo ndipo Ifakara ilipogongana na kitabu. Biashara ya kutoa fedha leo na kupokea nafaka baadaye, ambayo fakihi huiita salam, husihi ikiwa siku ya kupokea inajulikana; na Mashafii walikataa katakata muhula wa "mpaka mavuno", kwa hoja kwamba mavuno hutangulia na huchelewa, na kisichojulikana siku yake hakifai kuwa siku. Imamu Malik aliuruhusu. Ningekuwa kadhi wa mji wa pwani ningesimama na Shafii bila ya kusita, maana maneno yasiyo na mpaka ndiyo mama wa kesi. Walakini katika bonde ambalo shamba lote huweza kuwa chini ya maji, mtu aliyeahidi gunia zake "baada ya miezi minne" alikuwa mwongo kuliko aliyeahidi "mpaka mavuno", kwa kuwa wa pili alitaja jambo ambalo yeye na mdai wake watalishuhudia kwa macho yao, na wa kwanza alitaja idadi ambayo mto haukushauriwa juu yake. Kwa hiyo, chini ya kila daftari lililokuja kuandikwa katika bonde hili, ahadi za mdomo ziliendelea kusema mpaka mavuno, na wafanyabiashara wa Kihindi walionunua mpunga wa Ifakara zama za Waingereza walizipokea kwa lugha hiyo hiyo, hasa kwa vile sheria ya serikali ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimnyima mwenye duka njia ya kumshitaki mwenyeji kwa deni ambalo serikali haikuliidhinisha. Pasipo na mahakama, tarehe haina meno.

Tarehe yenye meno ililetwa na Wajerumani. Kodi ya nyumba, iliyotangazwa katika koloni lao mwaka 1897, ilikuwa jambo la kwanza bondeni lililokuja na siku yake mwenyewe bila ya kujali kama ghala limejaa au limekauka; na boma la Mahenge, lililojengwa juu ya mlima penye hewa ya baridi, ndilo lililoishika hesabu hiyo. Yaliyotokea mwaka 1905 yanajulikana. Vita vya Majimaji vilivyoanza Matumbi mwishoni mwa Julai vilikuwa vimekwisha fika Mahenge mwezi mmoja baadaye, na tarehe 30 Agosti Wambunga na Wapogoro waliliendea boma kwa maelfu, bunduki za rashasha zikawarudisha. Serikali haikuridhika na ushindi wa risasi; ilichoma mashamba na kuteketeza chakula, na njaa ikawa ndiyo iliyomaliza vita. Baada ya miaka kumi na miwili hivi vita vya Wazungu wenyewe viliingia hapo hapo, na tarehe 9 Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yakaichukua Mahenge. Mambo haya mawili yaliacha katika vinywa vya wazee vigingi viwili vya kufungia umri: huyu alizaliwa kabla ya Majimaji, yule alikuwa anatambaa Wabelgiji walipokuja. Hesabu ya namna hii hurudi nyuma tu. Tukio halitabiriki, na kwa hiyo haliwezi kuongezwa juu ya leo. Ndiyo maana bonde lililokuwa na kumbukumbu nzuri ya yaliyopita lilihitaji kwa yajayo chombo kingine.

Mapadre nao walikuwa na chombo chao. Wabenediktini walifungua misheni ya Kwiro karibu na Mahenge mwaka 1902, na baada ya vita Wakapuchini wa Uswisi wakashika mahali pao kuanzia 1921, pamoja na masista wa Baldegg; na katika kitabu cha ubatizo mtoto wa Kilombero alipata kwa mara ya kwanza siku iliyoandikwa, ambayo baba yake hakuwa nayo. Jambo la kufurahisha ni kwamba padre, ambaye aliwafundisha watu kalenda ya Roma iliyo sawa kila mwaka, alilazimika mwenyewe kuutazama mwezi wa mbinguni, au angalau jedwali la mwezi huo, ili kuipata Pasaka, ambayo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Na Kwaresima inayoitangulia iliangukia ndani ya miezi ile ile ambayo mpunga wa zamani umekwisha na mpya haujaiva. Mafundisho ya kufunga hayakuhitaji ufasaha mwingi.

Kipande, sasa. Katika mashamba makubwa ya Tanganyika, hasa ya mkonge, ambako vijana wa mabondeni walikwenda kutafuta fedha za kodi na mahari, mwezi wa kazi haukuwa wa mbinguni wala wa kalenda. Mfanyakazi alipewa kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyotimiza kazi aliyopimiwa karani alitia alama katika nafasi moja. Asipokuja, au asipoimaliza kazi, nafasi ilibaki tupu, na ujira haukulipwa mpaka nafasi zote 30 zijae ndani ya muda uliowekwa. Mtu asiyekosa hata siku moja, akipumzika Jumapili, alijaza kipande kimoja kwa wiki tano. Aliyeugua homa au kwenda kuzika alijaza kwa zaidi. Ukimwuliza mtu huyu atarudi lini nyumbani, naye akajibu kwamba amebakiza miezi minne, ilikupasa uulize tena ni miezi ya nani. Sina shaka kwamba ahadi nyingi zilizovunjika baina ya vijana wa ugenini na wachumba wao wa nyumbani hazikuvunjwa na uongo. Mmoja alihesabu nafasi za kadi na mwingine alihesabu miandamo, na kila mmoja wao alikuwa mkweli kwa hesabu yake.

Serikali iliyoruhusu mwezi huo wa kadi ilikuwa na mwingine katika sheria zake yenyewe. Waingereza walikuwa wametoka mbali katika jambo hili: kwa sheria yao ya kimila neno "mwezi" lilimaanisha siku 28, hata Bunge lao lilipoamua mwaka 1850 kwamba katika sheria zilizotungwa liwe la kalenda, na mwaka 1925 kwamba katika mikataba pia liwe hivyo, na sheria za Tanzania zimerithi mwezi huo wa kalenda mpaka leo. Ikabaki taabu ya mwisho wa mwezi. Ukiongeza mwezi mmoja juu ya tarehe 31 Januari huipati tarehe 31 Februari, maana haipo. Na ukiongeza miezi minne juu ya tarehe 30 Septemba, je, mwisho ni tarehe 30 Januari au siku ya mwisho ya Januari, maadamu 30 Septemba ni siku ya mwisho ya mwezi wake? Swali hili lilifika mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza mwaka 1981. Mpangaji mmoja, aliyepewa ilani tarehe 30 Septemba 1978 na miezi minne ya kupeleka ombi lake mahakamani, alilipeleka tarehe 31 Januari, naye akashindwa kwa siku moja: kanuni, wakasema, ni tarehe inayolingana, na ikiwa mwezi wa mwisho hauna tarehe hiyo, basi ni siku yake ya mwisho. Nawawi angeona ajabu kwamba watu wa sheria walihitaji karne hizi zote kulifunga jambo hili, ambalo kwake lilikwisha kwa sentensi mbili. Lakini yeye hakuwa na Februari.

Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1962 huko karibu na Kidatu, kilileta hesabu nyingine ya miezi, kwani muwa wa maotea hukatwa baada ya kama miezi kumi na miwili tangu ulipokatwa mara ya mwisho, na masika mitambo hunyamaza kwa kuwa magari hayawezi kuingia mashambani. Reli ya Tazara, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina kuanzia 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, ikapita Ifakara na Mlimba na saa zake za ratiba. Hayo ni makubwa, na yana wanahistoria wake; kwa habari yangu yana uzito mdogo kuliko karatasi moja ya kliniki iliyokunjwa ambayo mama wa Kilombero huitia katika pindo la kanga.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikua kutokana na kazi ya wale masista na mapadre wa Uswisi. Na katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel akaanzisha mjini humo maabara ya utafiti wa maradhi ya nchi za joto, mbegu ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kliniki ya wajawazito na watoto ndiyo iliyowafundisha watu wa bonde kuongeza miezi juu ya tarehe, na iliwafundisha kwa njia ambayo boma na shamba havikuiweza. Mkunga humwuliza mama siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, kisha huongeza miezi tisa na siku saba, kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Franz Naegele, tabibu wa Heidelberg wa karne ya 19: hedhi ikianza tarehe 10 Mei, mtoto hungojewa tarehe 17 Februari. Ndani ya kanuni hiyo mna kosa dogo lisilodhuru, kwa sababu miezi tisa ya kalenda haina urefu mmoja, na jumla yake pamoja na zile siku saba huwa siku 280 kwa mimba iliyoanza kuhesabiwa Februari, na 283 kwa hiyo ya Mei.

Bibi wa nyumbani, ambaye hakusoma, naye alikuwa na hesabu yake, miandamo tisa tangu binti aliposhika mimba, na wako waliomcheka. Wasingecheka laiti wangejumlisha. Miandamo tisa ni siku 266 kasoro kidogo. Na kliniki, inayoanza kuhesabu wiki mbili kabla ya mimba kutunga, ikiziondoa wiki hizo katika siku zake 280, hubakiwa na siku 266. Mkunga na bibi, mmoja kwa Februari ya Roma na mwingine kwa mwezi wa mbinguni, walikuwa wakiingoja siku moja. Huenda hii ndiyo sababu kliniki haikuonekana ngeni kama kipande: iliposema tarehe, mtu wa nyumbani aliweza kuisahihisha kwa hesabu yake mwenyewe, na hakukuta kuwa amepunjwa.

Mtoto akizaliwa hupewa kadi, na kuanzia hapo maisha yake ni kujumlisha; kwa ratiba ya awali ilikuwa siku ya kuzaliwa na mwezi mmoja, na miwili, na mitatu, na tisa, na kila jumla ilikuwa na sindano yake au mizani yake. Watafiti wa Ifakara walitambua kwamba ratiba hiyo, iliyokwisha kuzoeleka na akina mama, yaweza kubeba zaidi ya chanjo. Katika jaribio lao lililotangazwa mwaka 2001, watoto wachanga 701 walipofika kwa chanjo za miezi miwili, mitatu na tisa walipewa pamoja nazo ama dawa ya malaria ama kidonge kisicho na dawa, na katika mwaka wa kwanza wa maisha yao wale waliopewa dawa waliugua malaria pungufu kwa asilimia 59. Hakuna mwito mpya uliopigwa wala siku mpya iliyowekwa. Hesabu iliyokuwapo ilitiwa mzigo wa pili. Kabla ya hapo, katika kijiji cha Idete, watoto walikuwa wamejaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66 kwa dozi tatu, ya pili wiki nne baada ya ya kwanza na ya tatu katika wiki ya 26, nayo matokeo yake ya mwaka 1994, yaliyotaja kinga ya asilimia 31, yalizungumzwa duniani kote hata majaribio ya kwingineko yalipoizima tamaa hiyo. Nasadiki kwamba jambo kubwa lililothibitika Idete, kuliko hata hiyo asilimia, ni kwamba mamia ya wazazi wa bondeni waliweza kurudi mahali pale pale baada ya nusu mwaka kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa.

Tangu 1996 watafiti hao waliingia katika hesabu iliyo ndefu zaidi. Nyumba zote za vijiji vilivyochaguliwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga ziliandikwa, kisha zikawa zinazuriwa kila baada ya miezi minne, mwaka baada ya mwaka, kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama na nani kahamia. Mwulizaji aliyepiga hodi Januari alijua kwamba angepiga hodi Mei na Septemba. Lakini Mei aghalabu alikuta mlango umefungwa, kwa sababu wenye nyumba walikuwa shambani, na ilimpasa aulize njia ya shamba kwa jirani. Na mzee asiye na cheti alipoulizwa umri wake, vile vigingi vya zamani viling'olewa tena na kutumika, kwa kuwa orodha ya matukio ya mahali, ya vita na njaa na mafuriko na kufika kwa reli, ni chombo cha kawaida cha wahesabu watu wanapotafuta mwaka wa kuzaliwa. Hivyo daftari la kisasa kabisa la bonde limeandikwa kwa tarehe za kalenda, na limejazwa kwa msaada wa majira ya mpunga na kumbukumbu za wazee.

Kosa la mwisho wa mwezi limehamia katika mashine, nalo halikupona njiani. Ukiitaka programu iongeze miezi minne juu ya tarehe 31 Oktoba, moja itakupa 28 Februari, kwa kanuni ile ile iliyomshinda mpangaji wa Uingereza, na nyingine, iliyotungwa na mtu aliyedhani Februari ni mwezi kama miezi mingine, itazisukuma siku tatu zisizokuwapo mpaka zimwagike tarehe 3 Machi. Anayekopa kwa simu mjini Ifakara hana habari ni ipi kati ya programu hizo inayomhesabia riba. Wakulima wamepata pia mbegu zenye muda mfupi, kama Saro 5, inayokaa shambani miezi minne hivi, na kwa mbegu ya namna hiyo neno "miezi minne" limeanza kukaribia ukweli ambao babu zao hawakuupata, ingawa mto bado hausomi kalenda.

Mashamba ya mpunga, hata hivyo, yaendelea kukodishwa kwa msimu. Mwenye ardhi na mkodi hupatana bei ya eka kabla ya mvua, na wakiandika karatasi mbele ya mashahidi, tarehe inayoandikwa juu yake huwa ni ya siku walipopatana. Ya mwisho haitajwi, au hutajwa kwa maneno, kwamba msimu utakwisha mpunga utakapotolewa shambani. Mvua zikichelewa na mavuno yakasogea mpaka Agosti, mwenye shamba akataka kuingiza mifugo ya watu katika mabua, na mkodi akasema mpunga wake ungali umelala chini haujapigwa, shauri hupelekwa kwa wazee wa kijiji, nao huondoka kwenda shambani kutazama.